Alama ya Kisigino kwenye Ukuta wa Shule

Mpaka leo nikipita mahali nikaona ukuta wa matofali ya kuchoma ambao haujapigwa ripu ya saruji, mgongo unanisisimka wenyewe, kama mtu anayengoja kofi kutoka nyuma. Watoto wangu wananicheka. Hawakuwepo uwanjani siku ile. Baba yao, mtu aliyeingia Songea na kaptula moja, alisimamishwa mbele ya ukuta kama huo mchana kweupe, Jumapili baada ya Misa, akaambiwa asigeuke mpaka aambiwe. Nikatii. Mimi, ambaye sijawahi kumtii mtu tangu nimeacha shule!

Nianze nilikotoka. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Lusewa, kwa wakulima wa tumbaku. Shule niliishia darasa la nne na sioni aibu kusema. Nilikuja mjini juu ya lori la tumbaku, nimekaa kwenye marobota, nikashukia Majengo, na juma hilohilo nikaanza kujifunza kushona katambuga kwa mzee mmoja wa Kiyao. Katambuga ni viatu vya tairi la gari, vijana wa sasa wanavijua kwa kusikia tu. Enzi zile za uhaba, duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na chumvi, na nusu ya mji huu ilitembelea mikono yangu. Mwalimu wangu aliponiachia kijiwe, nikaanza kuchonga alama kwenye kila kisigino kwa kisu cha moto: duara dogo kama kizibo cha soda, na mstari mmoja katikati. Mtu akipita njia ya vumbi kwenda Mshangano, duara langu linabaki chini, duara, duara, duara, mpaka mlangoni kwake. Nilikuwa nawatania walimu wa chuo: nyie mnaandika ubaoni na kufuta, mimi nimeuandika mji mzima.

Basi ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Mitumba ikaingia, viatu vya ngozi kutoka Ulaya vinauzwa chini kwenye turubai, na katambuga zikaanza kuwa viatu vya shamba. Mafundi wenzangu walilia. Mimi sikulia. Nikawa wa kwanza kwenda Makambako kuleta marobota ya mitumba, nikaweka duka, nikafunga mashine ya kusaga, nikanunua pikapu, nikajenga nyumba ya vyumba sita ya bati. Yote hayo kwa darasa la nne. Nayasema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyesimama mbele ya ule ukuta.

Shule yenyewe ni ya msingi, kati ya Majengo na njia ya Mshangano. Kwa sababu mji wetu una chuo cha ualimu, kila mwaka vijana wa chuo walikuja pale kujifunza kufundisha, na wakufunzi wao wengi walikuwa na watoto palepale. Kwa hiyo mikutano ya wazazi ilikuwa na watu wa aina mbili: sisi tuliozaliwa huku, na wao walioletwa na barua za uhamisho kutoka Kagera, Kilimanjaro, Tanga. Wao wanasema "hoja", sisi tunasema "neno".

Shida ya shule ilikuwa vyumba. Darasa la tatu lilikuwa na mikondo miwili kwenye chumba kimoja. Nusu ya watoto walitazama ubao wa upande huu, nusu wakatazama ubao wa upande ule, migongo imegusana, mwalimu huyu anafundisha kujumlisha na yule anasomesha hadithi ya sungura. Binti yangu alikuwa humo. Alikuwa akirudi nyumbani ananisimulia hadithi ya sungura na hesabu ndani yake.

Na kando ya barabara, ndani ya uwanja wa shule, palikuwa na jengo la vyumba vitatu lisilo na paa. Wazazi walilijenga kwa msaragambo, kazi ya kujitolea, miaka kadhaa nyuma, kila nyumba ikafyatua matofali yake, ukuta ukafika kwenye lenta, halafu nguvu zikaisha. Majani yakaota ndani. Mbuzi wakahamia.

Sasa, jengo liko kando ya barabara, barabara inapita kwenda sokoni, na ni wakati wa ruksa. Wewe ungeona nini? Mimi niliona fremu za maduka. Sita, kila chumba unakikata mara mbili. Mtendaji wa kata alikuja dukani kwangu, nikampa soda, akaniambia halmashauri haina neno, mradi kamati ya shule ikubali. Na kamati ya shule haikuwa na mwenyekiti, maana yule wa zamani alikuwa amestaafu na kurudi kwao Mbinga.

"Kiti kiko wazi, bosi," akaniambia. "Wewe kaa tu."

Sikuona ubaya, nawaambia kweli. Ningepata fremu, shule ningeijengea darasa jipya huko nyuma penye utulivu. Lakini zaidi ya fremu nilikitaka kile kiti. Mkutano uliopita mkufunzi mmoja wa chuo, mrefu, mtu wa Kagera, anayevaa koti la sufu hata jua likiwaka, alisema kamati inahitaji mtu "mwenye upeo". Alisema huku akitazama juu ya kichwa changu. Nililala na neno hilo wiki nzima. Nikaapa nitakikalia kiti kile na yeye atasimama mbele yangu kuomba ruhusa ya kuleta vijana wake wa mazoezi.

Asubuhi ya siku yenyewe ya uchaguzi mke wangu alikuwa anamsuka binti yetu nywele. Hakuinua kichwa.

"Hilo jengo likiwa maduka," akaniuliza, "watoto watakaa wapi?"

"Usiwe na wasiwasi, mama. Mambo yote yako hapa," nikajigonga kifuani.

Akaendelea kusuka. Tulipotoka kanisani nikamwona amevua vile viatu vyeusi nilivyomletea kutoka Makambako, amevaa katambuga zake za zamani.

"Unanitia aibu na mavazi hayo," nikamwambia. "Leo ni siku yangu."

"Uwanja wa shule una mawe," akasema.

Mratibu wa elimu wa kata ndiye aliyeongoza mkutano. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona, wamekaa kwenye madawati yaliyotolewa nje, wengine kwenye nyasi, wanawake na watoto mgongoni. Nikasema kimoyomoyo, hawa wote wamekuja kunipa kiti.

Nilisimama wa kwanza. Nikaeleza habari za maendeleo, kwamba zama za kungoja serikali zimepita, kwamba jengo lile linaota nyasi na mbuzi wanazalia humo.

Mwanamke mmoja akadakia kutoka kwenye nyasi, "Basi mbuzi wana nafasi kuliko watoto wetu!"

Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana nilifikiri ananiunga mkono.

Dereva mmoja mstaafu, aliyekuwa akiendesha malori ya ushirika, akanyanyuka polepole. Huyu ndiye aliyekuwa akinigawia tairi mbovu zamani.

"Shikamoo, mzee wangu," nikamwahi.

"Marahaba, fundi. Mimi nina swali fupi. Fremu zikisimama, watoto watasomea dukani kwako au stoo?"

"Watajengewa darasa jipya huko nyuma, mzee."

"Liko wapi?"

"Litajengwa."

"Nionyeshe nikalione leo. Miguu bado ninayo, na viatu ni vyako."

Kicheko kikazunguka uwanja mzima. Yule mkufunzi wa Kagera akasimama, akakunjua karatasi.

"Ndugu wazazi, hoja hapa si nani ana uwezo. Hoja ni kama mali iliyotokana na nguvu za wananchi inaweza kubadilishwa matumizi bila wananchi wenyewe..."

"Mwalimu," nikamkatiza, "wewe umeletwa hapa na barua, na barua nyingine itakuondoa. Mimi nitazikwa hapa!"

Ehe! Hapo palilipuka makofi, watu wakagonga madawati. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikaona nyuso zinacheka, midomo iko wazi, nikajua mchezo umekwisha. Makofi yale ndiyo yaliyonipumbaza. Nilikuja kujua baadaye kwamba watu wa Songea wakipenda neno zuri wanalipigia makofi, hata likisemwa na mtu wanayetaka kumwangusha.

Mratibu akaomba majina. Langu likatajwa na kijana anayeendesha mashine yangu. Nikamgeukia mkufunzi. Nilikuwa nimejipanga: nitamwambia hivi kuhusu koti lake, nitamwambia vile kuhusu upeo wake.

"Mimi sigombei," mkufunzi akasema. "Nampendekeza mama mpishi wa chuo."

Nilicheka kwa sauti, peke yangu. Mama huyo alikuwa mjane wa Kingoni, mwenyeji wetu, mikono imejaa alama za mvuke wa masufuria ya chuo, mtu ambaye kwenye mikutano hasemi hata "naam". Alisimama, akakaza kitenge.

"Mimi sina hotuba," akasema. "Nikipata, Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kila nyumba ilete mtu mmoja, tupandishe mbao kwenye lile jengo. Basi." Akakaa.

Nikaona huyu nimalize naye kwa upole. "Mama yangu, uongozi una makaratasi. Unajua kusoma muhtasari?"

"Sijui, baba," akajibu bila kusimama. "Na wewe?"

Sijui nieleze vipi kelele iliyotoka pale. Dereva mstaafu alikuwa anajipiga mapaja. Muda wote nilikuwa nimejiandaa kupigana na wasomi, silaha zangu zote zilikuwa za kuwapiga wasomi, na sasa mbele yangu amewekwa mtu aliyesoma kidogo kuliko mimi. Mkufunzi alikuwa anafuta miwani yake, hata hanitazami.

Hata hivyo sikuogopa. Ikaja habari ya jinsi ya kupiga kura. Mkufunzi akasema karatasi za siri. Nikaruka.

"Karatasi ni za kuwaonea wasiojua kuandika! Tupange mistari. Kila mtu asimame anakotaka, waziwazi, tuonane!"

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nalijutia kuliko robota la mitumba lililonyeshewa mvua Njombe. Nilijua vizuri maana ya neno "tuonane". Ni nani katika mji huu angenitazama usoni, mimi ninayemsagia mahindi, akaenda kusimama nyuma ya mpishi? Macho yangu yangewavuta kama kamba. Makofi yakapigwa tena, mratibu akauliza wanaokubali mistari wanyooshe mikono, na mikono yote ikaenda juu, ya mpishi ikiwemo.

"Sawa, mistari," mratibu akasema. "Kwa utaratibu wa siku zote. Wagombea wataelekea ukuta, hakuna kugeuka mpaka niseme."

Utaratibu wa siku zote! Nilikuwa nimeuona mara nyingi, wakichagua balozi wa nyumba kumi, wakichagua viongozi wa ushirika. Mgombea anawapa watu mgongo, ili mtu asijue nani kamkimbia. Nilikuwa nimeshasimama kwenye mistari hiyo mara ngapi, na kila mara nikaenda nilikotaka kwa amani kwa sababu mgombea alikuwa hanioni. Na bado, siku yangu ilipofika, halikunijia kichwani hata kidogo.

Tukapelekwa mbele ya jengo lisilo na paa. Mimi upande wa kulia, mama mpishi kushoto, kati yetu hatua kama tano. Nyuso ukutani.

Kwanza sikuona kitu, niliona tofali tu. Halafu macho yakazoea. Matofali yalikuwa na alama. Wakati wa msaragambo, kila nyumba ilitia alama yake tofali likiwa bado bichi, ili pasiwe na ubishi nani kaleta na nani hajaleta. Msalaba. Matundu matatu ya kidole. Guu la kuku. Moja lina alama ya ufunguo, lingine limegandamizwa gunzi la mahindi. Ukuta mzima ulikuwa umejaa nyumba za watu. Mimi sikuwa nimewahi kuusogelea. Nilikuwa nauona kutoka kwenye pikapu.

Nyuma yangu watu wakaanza kutembea.

Nikasikiliza. Sasa hapo kwenye kusikiliza, hakuna msomi anayenifikia. Kiatu cha ngozi kinalia hivi, ndala inapiga kofi, mtu wa miguu mitupu hasikiki kabisa ila mawe. Na katambuga ina mlio wake, mzito, unakwaruza kidogo. Zilikuwa zinakuja nyingi! Katambuga, katambuga, katambuga. Nikatabasamu na ukuta. Nikasema, wale wangu wamefika, watu niliowavika. Halafu nikausikia mwendo ninaoujua kuliko wote, unaoburuza mguu wa kulia kidogo, mwendo ninaousikia jikoni kwangu kila siku. Ukaja karibu, ukatulia. Ukuta ule mkubwa ulikuwa unarudisha sauti, huwezi kujua kitu kiko kushoto au kulia. Lakini mimi nilijua. Mke wangu yuko nyuma yangu. Nikashusha pumzi.

Na nilipoiinamisha shingo kidogo, usawa wa kifua changu, nikaiona. Duara dogo kama kizibo cha soda, mstari katikati. Kisigino changu. Kwenye tofali la shule.

Nikafikiri macho yamepata kiwi. Nikatazama la pili: duara. Chini yake: duara. Mimi sikufyatua hata tofali moja la jengo lile. Siku zile nilikuwa kwenye safari zangu, niliambiwa kuna msaragambo nikasema sawa, na sikuuliza tena. Nani kaleta kisigino changu hapa?

"Geukeni," mratibu akasema.

Nikageuka.

Nyuma yangu walikuwa watu watatu. Kijana wa mashine. Mpangaji wa chumba changu cha uani. Na mlevi mmoja wa pombe ya komoni ambaye, nina hakika, alikuwa amesimama pale tangu kabla mstari haujaanza.

Mstari wa mama mpishi ulikuwa umetoka ukutani, ukazunguka mlingoti wa bendera, ukafika getini na kutokea barabarani, watu wawiliwawili kwa sababu nafasi ilikuwa haitoshi. Na wa kwanza kabisa, mgongoni kwa mpishi, mikono imefumbatwa tumboni, alikuwa mke wangu.

Hakuinamisha macho. Ningependa kusema kwamba aliinamisha, lakini hakuinamisha. Alinitazama kama anavyotazama mawingu wakati mahindi yako nje.

Hakuna aliyenizomea. Afadhali wangenizomea. Mratibu akahesabu mstari wangu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akasitasita kwa mlevi, halafu akageukia ule mwingine, akahesabu kidogo, akaacha, akasema haina haja. Vigelegele vikapanda. Nikatazama chini, maana nilikuwa sina pa kuweka macho, na kwenye vumbi la uwanja nikayaona maduara yangu. Duara, duara, duara, mamia yake, yametoka kwenye madawati, yamenipita, yamekwenda kule.

Yule mkufunzi akaja akanipa mkono. "Pole, mzee," akasema, bila dhihaka. Hilo nalo lilinichoma. Niliiacha pikapu palepale nikaenda kwa miguu, sijui hata kwa nini, na nilipofika Majengo nikakumbuka kwamba ninayo.

Mke wangu alirudi jua likiwa bado juu. Akawasha moto, akakuna nazi, akapika maharage kama siku yoyote. Nilikaa kwenye kigoda nikamwangalia.

"Umenivua nguo mbele ya watu," nikasema.

"Wewe ndiye uliyesema kila mtu asimame anakotaka."

"Ungenishauri! Ungeniambia nyumbani!"

"Nilikuuliza asubuhi watoto watakaa wapi. Ulijigonga kifua." Akakoroga sufuria. "Ulipokuwa umeelekea ukuta, uliona?"

"Niliona."

"Mangapi?"

"Matatu."

"Yetu yalikuwa mia na ishirini. Kila nyumba mia na ishirini. Nilikuwa na mimba ya huyu uliyemwona namsuka leo. Huyo mama mpishi alikuwa akija kila alfajiri kugonga dirisha, tunakwenda mtoni kukanyaga udongo. Nilichukua katambuga yako mbovu moja pale stoo, nikawa nagandamiza kisigino ili wajue ni ya nyumba yako."

"Mimi nilikuwa Makambako."

"Siku zote?"

Siyo siku zote. Siku nyingine nilikuwa kitandani, nikasikia dirisha likigongwa, nikadhani ni habari za wanawake, nikavuta blanketi.

"Mtoto niliyembebea matofali," akasema, "anasoma amepeana mgongo na mwenzake. Halafu baba yake anataka kuuza ukuta." Akanipakulia. Maharage yalikuwa matamu kama kawaida, na hilo nalo lilinishangaza, kwamba mtu anaweza kukufanyia vile na chakula kisiharibike.

Wiki nzima sikwenda dukani. Nilisema nina malaria. Watu walikuja kunijulia hali, wote, waliosimama karibu na ukuta na waliozungukia mlingoti, na kila mmoja alileta kitu, mayai, ndizi, na hakuna aliyegusia. Nilikuwa nalala pale nashangaa. Walinikataa wote na hakuna hata mmoja aliyenichukia.

Jumamosi, alfajiri, ukungu umelala mpaka mlangoni kama ilivyo kwetu mwezi wa sita, dirisha likagongwa. Nikamgusa mke wangu bega.

"Umeitwa."

Akavuta blanketi mpaka shingoni. "Safari hii amekuja kwako."

Nikatoka. Mwenyekiti mpya alikuwa amesimama uani na kitenge kichwani, pumzi inatoka moshi.

"Shikamoo, mama," nikasema. Hakuwa amenizidi umri kwa mengi, lakini ilinitoka.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Nitakuleteeni pikapu ibebe mbao," nikamwambia. "Bure, hata mafuta yangu."

"Asante, pikapu tutaishukuru. Lakini nyumba ilete mtu, siyo gari."

Basi nikavaa katambuga, nikaenda. Watu waliponiona naingia getini na karai kichwani, walitua makarai yao chini. Dereva mstaafu akavua kofia.

"Fundi! Umepotea njia? Duka liko upande ule!"

"Nimekuja kukuonyesha lile darasa, mzee," nikamjibu. "Si ulisema miguu unayo?"

Wakacheka, na nikajikuta nacheka. Na sasa niseme wazi, bila kujisifu: siku ile na Jumamosi zilizofuata, hakuna mtu aliyebeba mchanga kama mimi. Vijana wa chuo waliletwa na mkufunzi wao kusaidia, wenye vifua hivi, wakakaa chini saa nne wanahema. Mimi sikukaa. Muulize yeyote aliyekuwepo. Mkufunzi mwenyewe alivua lile koti, nikampokeza karai, likamshinda, likamwagikia viatu vyake. Mabati ya chumba cha tatu yalitoka kwangu pia, na mwenyekiti hakuniandika ukutani wala hakunitaja kwenye mkutano. Alisema tu, "Yamefika."

Ikabaki ripu. Fundi alianzia ule upande wa barabarani, palepale niliposimama siku ile. Nilimwona anapiga saruji juu ya msalaba, juu ya gunzi, juu ya guu la kuku, analainisha, vinapotea. Nikamwendea.

"Fundi, hili moja liache."

"Lipi?"

Nikamwonyesha duara. Akalitazama, akapangusa jasho.

"Mzee, nikiacha lako, saa hii hii watu wote watakuja na la kwao. Nitapiga ripu wapi?"

Nilitazama ukuta ule, kimo chake na urefu wake wote. Nikamwomba mwiko. Nikachota saruji, nikaitupa pale kwenye duara, nikakandamiza, nikavuta mwiko kutoka chini kwenda juu kama nilivyomwona yeye anafanya. Haikuwa imenyooka vizuri. Mpaka leo ukipitisha mkono pale unasikia kinundu.

Nyuma yangu nikasikia mwendo ule unaoburuza mguu wa kulia. Nikageuka upesi, bila kungoja kuambiwa. Alikuwa ameshanipita na ndoo ya maji kichwani, anakwenda kwa mwenyekiti aliyekuwa anamwita, na kwenye tope la saruji maduara yake yalikuwa mabichi, yanaondoka.